Grand Seiko au Rolex?

Ndugu, umeuliza kama saa ya mkononi ya Kijapani, Grand Seiko, inafikia Rolex na Omega za Uswisi, au utakuwa umetupa pesa. Kwa ubora wa kazi, inafikia bila wasiwasi. Itazame kwa karibu: kingo zake zimekatwa kama wembe, na mishale imeng'arishwa hadi inanasa mwanga hata chumba kikiwa na giza kiasi. Kwa bei ileile, Waswisi wengi hawakupi umaliziaji wa namna hiyo.

Usahihi ndio unaonivutia zaidi. Mtambo wao wa Spring Drive unaendeshwa na springi, hauna betri, lakini mwendo wake unadhibitiwa na kipande cha kwatzi, yaani fuwele inayotumika kupimia muda. Unakosea kama sekunde 1 tu kwa siku. Cheti cha COSC, taasisi ya Uswisi inayopima usahihi wa saa, kinaruhusu saa ichelewe wastani wa sekunde 4 au iwahi 6 kwa siku. (Rolex wamejibana zaidi: sekunde 2 kila upande.) Halafu mshale wa sekunde unateleza kimya, haurukiruki.

Jina sasa. Grand Seiko ilianza 1960, ila ilitengwa kuwa chapa inayojitegemea mwaka 2017 tu, na wengi wakiona neno Seiko wanafikiria saa ya bei nafuu. Ukija kuiuza, kwa kawaida Rolex inashikilia thamani vizuri zaidi. Ukitaka watu waitambue saa yako papo hapo, nunua ya Kiswisi. Mimi ningechukua ya Kijapani. Ila ivae kwanza mkononi kabla ya kulipa, maana baadhi ya modeli za Spring Drive ni nene.