Ile picha ya sare haikusema yote

Athumani mdogo wangu,

Ujumbe wako nimeusoma garini nikitoka zamu ya usiku, kabla sijawasha injini. Umebahatika grini kadi, alhamdulillahi. Nimefurahi mpaka machozi. Kilichoniuma ni yale uliyoandika mwishoni: kwamba pale barazani mmeshakata shauri, ukifika huku usihangaike na kazi za kulea wazee kama sisi wengine, uingie moja kwa moja polisi wa Minneapolis, jiji la jimbo la Minnesota huku Marekani, kwa sababu mshahara unaanzia dola 90,000 na uraia si lazima tena. Ukamalizia, "Si wewe mwenyewe ulikuwa polisi, kaka? Picha tuliiona."

Mshahara mmeambiwa kweli. Mkataba wa 2024 uliwaongezea askari wa jiji hilo karibu asilimia 22 ndani ya miaka 3, na anayeanza leo anavuka hizo dola 90,000. Ni zaidi ya shilingi milioni 11 za Kenya kwa mwaka. Lakini huyo aliyewaletea habari aliwaambia kwa nini wanatafuta watu kwa udi na uvumba? Kabla ya 2020 askari walikuwa karibu 900. Miaka 4 baadaye hawakufika 600.

Sasa hiyo picha. Niliituma mimi, na nimekaa na dhambi yake tangu 2019. Sikuwa askari kamili. Nilikuwa msaidizi, sare ya bluu bila bunduki, katika idara ya polisi ya mji ambao sitautaja. Nilikuwa nakamata mbwa waliopotea, naandikia faini magari yaliyoegeshwa vibaya, nafungulia watu waliosahau ufunguo ndani ya gari. Wengi huanzia hapo, kisha idara huwapeleka mafunzo ya uaskari. Nilipiga picha siku ya kwanza, nikaituma nyumbani, Mama akaitia fremu. Baada ya hapo ningewaambia nini?

Kila nilipomaliza kusema kwenye redio ya upepo, kuna mtu alikuwa anabonyeza kitufe chake mara mbili, tik-tik, halafu kimya. Nikirudi kituoni nawasikia tangu kwenye korido wanayarudia maneno yangu, wanaivuta ile lafudhi ya Changamwe, wakiniona wanainamia karatasi. Nilimwendea sajini. Akaniambia huo ni utani wa kazini, na kwamba matamshi yangu yanaweza kumponza mwenzangu siku ya hatari. Mwisho wa mwaka tathmini yangu ikaandikwa "mawasiliano hafifu". Vijana wawili Wazungu tulioanza wiki moja wakapelekwa mafunzo. Mimi nikabaki na mbwa.

Lakini mawasiliano hayohayo hafifu waliyahitaji walipokwama. Usiku mmoja wa Januari, baridi ya kukata masikio, nikaitwa kwenye maegesho ya duka nikawatafsirie Kisomali. Niliwaambia mara ngapi kwamba mimi sijui Kisomali! Kwao sisi wote ni kitu kimoja. Nilipofika nikamkuta mama mtu mzima amejifunika shali mbili, mwanawe amekalishwa kwenye ukingo wa barabara, mikono nyuma, eti gari linafanana na lililoibwa. Yule mama alivyoona uso wangu akajaribu Kiswahili. Alikuwa amekaa kambi ya wakimbizi ya Dadaab miaka mingi. Nikamjibu, akashusha pumzi kama aliyetua gunia. Akanieleza kila kitu: kadi ya gari ilikuwa mkobani mwake, imeandikwa jina lake, na hakuna aliyemwomba. Nikaitoa, nikawapa. Kijana akafunguliwa bila hata samahani. Mama akanishika mkono wa koti, akaniuliza polepole, "Mwanangu, na wewe uko nao?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Utaniambia huo ulikuwa mji mdogo, Minneapolis ni kwingine. Haya, tuzungumze Minneapolis. Mwaka 2007 maafisa 5 weusi wa idara hiyo waliishtaki idara yao wenyewe kwa ubaguzi katika kupandishwa vyeo na katika adhabu. Kwenye madai yao walikumbusha kwamba 1992 askari weusi waliletewa barua za vitisho zilizosainiwa KKK, lile kundi la Wazungu wanaochukia weusi, tena kwa njia ya barua za ndani ya idara. Hebu fikiria, Athumani: anayekutisha ndiye mnayetia chai birika moja. Mwaka 2009 jiji likawalipa dola 740,000 kumaliza kesi. Mmoja wa hao watano, Medaria Arradondo, ndiye aliyekuja kuwa mkuu wa polisi 2017, mweusi wa kwanza kushika cheo hicho pale. Namheshimu sana. Na bado George Floyd aliuawa chini ya uongozi wake, Mei 25, 2020. Alimfukuza kazi Derek Chauvin, askari aliyemkandamiza Floyd shingoni kwa goti, akaenda mahakamani kutoa ushahidi dhidi yake, lakini idara ilikuwa ileile.

Tena si maneno ya wanaharakati. Idara ya Haki za Binadamu ya jimbo la Minnesota ilichunguza miaka 10 ya kazi yao, ikatoa ripoti Aprili 2022. Weusi ni kama asilimia 19 ya wakazi wa jiji, lakini ndio asilimia 54 ya waliosimamishwa barabarani. Hilo ulishalisikia kwa namna moja au nyingine. Mimi kilichoninyima usingizi ni msimamizi mmoja aliyewaambia wachunguzi kwamba ni jambo la kawaida kusikia askari weusi wakiitwa na wenzao nywele za kipilipili, wakiitwa mifugo. Watu wenye beji ileile! Nilikumbuka tik-tik yangu, nikaizima simu.

Nawe umeandika kwamba utaingia ubadilishe mambo kutoka ndani. Athumani, naujua moyo wako, na ndiyo sababu nakuandikia kwa ukali. Wanne waliokuwepo Floyd alipouawa, mmoja alikuwa kijana mweusi, J. Alexander Kueng, miaka 26, zamu yake ya tatu tangu awe askari kamili. Rafiki zake walisimulia kwamba naye aliingia kwa nia hiyohiyo. Aliyemfundisha kazi alikuwa Chauvin. Siku ile Chauvin alikuwa shingoni, Kueng mgongoni. Akafungwa. Huyo alizaliwa hukuhuku, Kiingereza ni cha mama yake. Wewe utamwambia nini mkufunzi wako, na kazi yako yote iko kwenye kalamu yake?

Msije. Ndiyo nilitaka kuandika hivyo tu, nikafuta. Maana kila nikimkumbuka yule mama wa Dadaab najiuliza, usiku ule kama nisingekuwepo ingekuwaje? Kadi ingebaki mkobani.

Basi ukiamua, sikiliza. Usianze na polisi. Fika, kaa kwangu, fanya kazi yoyote mwaka mmoja, uijue lugha yao inavyokwenda wakikasirika. Chukua uraia kwanza, hata kama sheria haikulazimishi, kwa sababu mtu mwenye grini kadi anaogopa kushtaki. Nunua daftari lako mwenyewe, uandike tarehe, saa, nani alisema nini, na lisilale kituoni hata siku moja. Mimi sikuandika, na nilipotaka kulalamika rasmi sikuwa na chochote mkononi. Watafute askari weusi waliokutangulia kabla hujawahitaji. Wala usitegemee serikali kuu: yale makubaliano ya kuisimamia idara ya Minneapolis yaliyosainiwa Januari 2025, Washington iliyatupa Mei mwaka huohuo. Yamebaki ya jimbo peke yake.

Na usikubali kuvumilia kwa ajili yetu. Hapo ndipo mimi nilipoteleza. Kila nilipotaka kuondoka nilihesabu ada ya Rukia, dawa za Mama, nikasema mwezi mmoja zaidi. Ikawa miaka 2. Sasa nafanya kazi nyumba ya wazee, nageuza wagonjwa kitandani usiku kucha, mgongo unauma, lakini nikisema neno hakuna anayelicheka.

Mama usimwambie chochote kwanza, na fremu usiitoe ukutani. Jumapili baada ya adhuhuri ya kwenu nitampigia mwenyewe. Uwe karibu naye.