Nyumba ya Kale Jinja: Anza na Hati, Rangi Baadaye

Vijana wanaotaka kugeuza nyumba ya kale kuwa kituo cha sanaa na urithi huniuliza kwanza wapake rangi gani. Mimi huwauliza hati iko wapi.

Hapa Jinja, Uganda, swali hilo halina mzaha. Nyumba nyingi nzuri za Main Street na mitaa ya jirani zilijengwa na Wahindi. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke nchini. Wao wakaenda, wengine wakaingia. Sheria ya 1982 ikafungua njia ya kurudishiwa mali. Ndiyo maana nyumba moja yaweza kuwa na mwenye hati anayeishi Uingereza, mpangaji aliyezeekea humo, na mtu wa tatu anayetembea na barua mfukoni. Nendeni ofisi ya ardhi mkaone jina lililoandikwa, kisha mpatane na mwenyewe kwa maandishi, kwa miaka ya kutosha. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, ashuhudie, ila muhuri wake haugeuki kuwa hati. Sisi tulikaa na wakili kabla ya kununua hata msumari mmoja, na wapo waliotucheka.

Baada ya karatasi, paa. Kigae kilichopasuka na mfereji uliooza vinaleta maji, na penye unyevu mchwa hachelewi. Halafu kuta. Kama nyumba ilijengwa kwa chokaa, fundi wa siku hizi atakuja na saruji kwa sababu ndiyo anayoijua. Mkatalieni, hata akinuna. Saruji hufungia unyevu ndani, tofali likaanza kumomonyoka nyuma ya plasta inayoonekana safi kabisa. Tafuteni mzee anayejua kuloweka chokaa, na kijana mmoja ashike ndoo karibu naye ajifunze.

Vitu vya kuonyesha visiwaumize kichwa. Pasi ya mkaa na redio ya zamani mtu huvitazama mara moja, harudi tena. Anayerudi ni mwenye shughuli yake pale. Kwetu Busoga, eneo ulipo mji huu wa Jinja, ipo Bigwala, tarumbeta za vibuyu zilizokuwa zikipigwa kwenye sherehe za kifalme. Mwaka 2012 UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Kila tarumbeta hutoa sauti yake moja, kwa hiyo wimbo hautoki mpaka wapigaji wakae pamoja. Wanahitaji chumba, kelele zivumiliwe, na watoto wa mtaa waruhusiwe kuchungulia. Chumba kikubwa wapeni hao. Kabati la vioo likae koridoni.

Historia ya nyumba iandikwe yote, na huo mwaka 1972 pia. Msimhoji mwenye nyumba peke yake. Mtafuteni aliyekuwa mpishi, dereva, yaya, na waliohamia baadaye. Wengine watapenda kuzungumza Kiswahili, wengine Lusoga au Kigujarati. Rekodini kila mtu kwa lugha yake, tafsiri itafuata.

Fedha? Kiingilio hakitalipa hata mlinzi. Chumba cha mbele kinachotazama barabara mkodisheni msusi wa vikapu au fundi cherehani, kodi yake ilipe umeme na maji. Na kabla ya kujenga jukwaa, jengeni choo. Kina mama wanaokuja na watoto hawavumilii kituo kisicho na choo, hata ngoma iwe tamu namna gani.