Vifaa viwili vya aina moja si akiba: soma kabla hujaenda Lukenya peke yako

Usinunue Micro Traxion ya pili, yaani kile kifaa kidogo cha kubana kamba ili mpandaji asianguke. Unasema unayo moja, umepata nyingine kama hiyo kwa bei nzuri, na Jumamosi hii unataka kuziweka zote mbili kwenye kamba moja pale Lukenya, kilima chenye miamba ya kupanda karibu na Nairobi, kamba ikiwa imefungwa juu, ili upande mwamba bila mtu wa kukushikia kamba. Unauliza kama hizo mbili zinatosha. Hazitoshi. Mpango huo ndio niliokuwa nao mimi, kifaa kwa kifaa na mwamba kwa mwamba, na kifundo cha mguu wangu wa kushoto kina bamba la chuma na skrubu sita kwa sababu yake.

Wala sikuwa mgeni wa kamba. Nilikuwa nimepanda kwa miaka mitatu, nimefika kileleni pa Fischer's Tower, ule mnara wa mwamba kule Hell's Gate, zaidi ya mara moja, na fundo la namba nane naweza kulifunga gizani. Kilichoniangusha hakikuwa udhaifu wa mikono. Nilihesabu vifaa viwili mahali ambapo, kwa kweli, palikuwa na kimoja.

Kifaa chenyewe unakijua, lakini kitazame tena. Ni roda ya gramu 85 tu, na ndani yake mna ulimi wenye meno. Unapopanda, kamba hupita kuelekea chini bila shida. Unapoteleza, ulimi huibana kamba nawe unabaki unaning'inia. Sasa tazama ubavuni, utaona kitufe kidogo. Ukiuvuta ulimi nyuma na kukibonyeza kitufe hicho, ulimi hubaki umefunguka, na kifaa kinageuka kuwa roda ya kawaida ambayo kamba hupita pande zote mbili bila kuzuiwa na chochote. Kitufe hicho hakikuwekwa kwa makosa, kwa kuwa wanaovuta mizigo na wanaookoa watu wanakihitaji. Ila kwa mtu anayepanda peke yake ni mlango ulioachwa wazi.

Aliyenifundisha mfumo huu alikuwa mpandaji mzoefu kuliko mimi, mtu ambaye wengi hapa Nairobi walimwamini kwa sababu ya umri wake na picha zake za milimani. Aliniambia hivi: fungua ndimi zote mbili kwa kitufe, pitisha kamba kwenye vifaa vyote kwa mkupuo mmoja, kisha uziachilie. Nilipomuuliza kama haingekuwa bora kifaa cha pili kiwe cha aina nyingine, alinijibu kwamba viwili ni viwili, na kwamba wanaochanganya vifaa ni watu wenye hela za kuchezea. Mpaka leo jibu hilo linanichoma. Alikuwa na wajibu wa kuniambia kwamba mkono unaosahau kitufe cha kwanza ndio huo huo unaosahau cha pili, tena ndani ya sekunde ile ile, kwa sababu akili imeshajiambia kuwa kazi imekwisha. Hakuniambia, nami sikufikiri zaidi ya alichosema.

Asubuhi hiyo nilifika Lukenya saa moja na nusu, nikaifunga kamba juu kwenye nanga mbili, yaani sehemu mbili imara za kufungia, nikashuka, nikatundika chupa ya maji ya lita moja na nusu mwisho wa kamba ili ikae imenyooka. Nilifungua ndimi zote mbili, nikapitisha kamba, na hapo hapo kamba ya mpira iliyoshikilia kifaa cha juu kifuani ikachomoka. Niliinama kuirekebisha, na niliposimama wima tena nilianza kupanda. Nakumbuka vizuri jinsi kamba ilivyokuwa ikipita laini siku hiyo, kama uzi kwenye tundu la sindano, bila ule mkwaruzo mdogo wa meno unaousikia kila unapoinua nyonga. Nilifurahi, nikidhani chupa ya maji imefanya kazi yake. Ulaini ule ndio uliokuwa onyo.

Nilipanda karibu mita saba. Kidole cha mguu kiliteleza kwenye ufa, nikakaa kwenye hanesi, ule mkanda wa kiunoni na mapajani, kama mtu anayeketi kitini, na kiti hakikuwepo. Niliikamata kamba kwa mikono yote miwili, ikanichuna viganja hadi nyama, na nilitua kwenye ukingo ulio mita nne kutoka chini, mguu wa kushoto ukitangulia. Nilipotazama kiunoni, vitufe vyote viwili vilikuwa vimebonyezwa, na ndimi zote mbili zimelala wazi pembeni ya kamba, safi kabisa, bila hata vumbi kwenye meno. Simu ilikuwa ndani ya mkoba chini ya mwamba. Nilipiga kelele kwa zaidi ya saa moja kabla ya kijana mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi kunisikia, na kama angekuwa amepeleka mbuzi wake upande wa pili wa kilima siku hiyo, sijui ningekaa pale hadi lini. Matibabu yalinigharimu zaidi ya laki tatu, na nilitembea kwa magongo kwa miezi minne.

Kwa hiyo kanuni ninayokuomba uishike ni hii moja: kifaa cha akiba ni kile tu ambacho hakiwezi kushindwa kwa sababu ile ile iliyokishinda cha kwanza. Usiulize una vifaa vingapi. Uliza kinachoweza kukiua hiki kinaweza kukiua na kile? Kama jibu ni ndiyo, una kifaa kimoja ulichokilipia mara mbili.

Ndiyo maana nilikuambia usinunue ya pili. Baki na Micro Traxion yako, na cha pili kiwe kisicho na kitufe cha kukiacha wazi, na ikiwezekana kisicho na meno. Mimi natumia Petzl Rescucender, ambayo huibana kamba kwa mifereji badala ya meno, na uzito wako ukiivuta karabina (pete ya chuma yenye mlango inayokiunganisha kifaa na hanesi) ndio unaousukuma ulimi wake kwenye kamba. Meno hushika vizuri hata kamba yenye matope, lakini nguvu ikiwa kubwa, kama kilonewtoni 4 hadi 6 (karibu uzito wa kilo 400 hadi 600), yanaweza kulichana ganda la kamba. Kisicho na meno hulihurumia ganda, lakini kamba chafu au iliyolowa humpa mtu wasiwasi. Udhaifu wa kimoja si udhaifu wa mwenzake, na hicho ndicho unachokitafuta. Shunt, kifaa kingine cha kubana kamba, imependekezwa na wengi, nami siikatai, ila ujue kwamba ikikandamizwa kwenye mwamba, au ukiishika kwa kiganja wakati wa hofu, inaweza kuachilia, na mkono wenye hofu hushika kilicho karibu. Grigri nayo, kifaa cha breki cha mtu anayemshikia mpandaji kamba, haijifuati yenyewe unapopanda. Itakubidi uvute kamba kwa mkono kila hatua, na hatua ambayo hutavuta ndiyo utakayoanguka kamba ikiwa imelegea.

Kanuni hiyo hiyo ipeleke mbele. Vifaa viwili kwenye karabina moja ni kifaa kimoja, kwa hiyo kila kimoja kiwe na karabina yake yenye kufuli. Vikikaa vimegusana, cha juu kinaweza kukilalia cha chini na kuuzuia ulimi wake, kwa hiyo cha juu kivutwe kifuani kwa mpira, kiwe mbali na mwenzake lakini mkono ukifikie. Fulana pana, kamba ya kofia na nywele ndefu huweza kuingia kwenye vyote viwili, basi vaa nguo iliyobana na uzifunge nywele. Na vifaa vyote viwili vikiwa kwenye kamba moja inayosuguliwa na ukingo mkali, kamba ikikatika vyote vinaanguka pamoja nawe. Weka kipande cha zulia au mpira wa bomba pale kamba inapokunja ukingo, au utundike kamba ya pili yenye nanga yake.

Halafu kuna fundo. Kila unapopanda mita tatu au nne, simama mahali pazuri, funga fundo la namba nane kwenye kamba iliyo chini yako, ulitie kwenye karabina ya hanesi. Fundo halina kitufe, halina springi, halijali vumbi. Siku ile, kama ningekuwa nimefunga moja tu, ningeanguka kwa hofu, nikaning'inia, nikarudi Nairobi kula chakula cha mchana.

Na kabla miguu haijaondoka ardhini, kaa. Usivute kamba kwa mkono ukaridhika. Toa Rescucender kwenye kamba, ukae kwa uzito wako wote kwenye Micro Traxion peke yake, miguu ikiwa hewani. Kisha irudishe, toa Micro Traxion, ukae tena kwenye Rescucender. Ukimaliza, virudishe vyote viwili, ukae mara ya tatu, na ukitazame kitufe kwa macho yako. Inachukua dakika tatu, nami huifanya hata ninapoteremka kwa muda mfupi tu kuchukua maji na kupanda tena.

Ninayo Rescucender ya ziada niliyoinunua mpya na kuitumia mimi mwenyewe tu. Niandikie faragha, tukutane South B Ijumaa jioni, hulipi chochote. Njoo na hanesi yako na hiyo Micro Traxion, kuna mti mkubwa nyuma ya nyumba tutakaotundika kamba, nikuone ukikaa.