Jibu: Shafti ya mashine ya kusaga, beringi inapwaya

Mkuu, umeuliza kwa nini shafti uliyochora "Ø25" (kipenyo cha milimita 25; vipimo vyote hapa ni milimita) na kuchongesha pale Mwanjelwa imepwaya kwenye beringi ya namba 6205. Tatizo ni mchoro: haukumwekea fundi mpaka. Hata ukiandika tolaransi (kiasi ambacho kipimo kinaruhusiwa kupotoka) ya jumla ya kiwango cha kimataifa ISO 2768-m, 25 ni popote kati ya 24.8 na 25.2. Andika 25 k6 (k6 ni alama ya tolaransi ya shafti), na pembeni weka +0.015/+0.002, yaani 25.002 hadi 25.015, maana si kila karakana ina jedwali la alama hizo. Tundu la beringi hiyo huwa 24.990 hadi 25.000, hivyo itabana. Sisitiza ipimwe kwa maikromita. Venia (kalipa) inayosoma hadi 0.02 haitoshi hapa.

Kipenyo peke yake hakikuokoi. Vikalio viwili (sehemu za shafti zinazokaliwa na beringi) vinaweza kuwa na kipimo sahihi lakini vikapishana mhimili, na hapo beringi hupata joto na kufa mapema. Vipe herufi A na B, kisha dai mchezo wa mzunguko (kuyumba kwa uso shafti ikizungushwa) usiozidi 0.02 kwa mhimili wa A-B. Fundi ataukagua mchezo huo kwa kuishika shafti kati ya senta (ncha mbili za kushikia miisho yake) na kutumia kipimo cha saa, chenye sindano inayoonyesha kuyumba.

Urefu wote pimia kutoka bega moja (pale kipenyo cha shafti kinapobadilika). Ukiunganisha vipande vinne vya ±0.2, mwishoni unaweza kukosea hadi 0.8, na puli haitalingana na mkanda.