Jibu: Watoto wanaopanga vitu kwa rangi pekee

Mwalimu mwenzangu wa Ujiji,

Umeuliza ufanye nini ikiwa watoto wa darasa la awali hupanga kila kitu kwa rangi pekee, na shule haina fedha za kununua zana. Usiwakemee, kwa kuwa katika umri wa miaka 4 au 5 ni kawaida mtoto kushika sifa moja iliyo wazi na kuziacha nyingine. Njia nyepesi ni kuiondoa rangi yenyewe. Wape vitu vya rangi zinazokaribiana, kama vile kokoto, makombe ya konokono wa ziwani, kokwa za embe zilizokauka na vipande vya kuni, kisha uwaache wavishike, wavinuse na kuvitikisa kabla hujataja sifa yoyote. Mmoja akisema "hiki kinakwaruza", hapo ndipo umpe maneno laini, kizito na kikavu.

Binafsi napenda zaidi sumaku iliyotolewa kwenye spika ya redio mbovu. Vizibo vya soda vya bati hunasa, kipande cha sufuria ya alumini hakinasi, ingawa vyote vinang'aa, na mabishano yanayofuata huwafundisha kuliko maelezo yetu. Waulize "umejuaje?" hata jibu linapokuwa sahihi.

Wadogo zao walio chini ya miaka 3 wakiwepo, ondoa maharage na punje za mahindi, maana huzitia puani. Na mtoto akipanga kwa kanuni yake, tuseme "vya baba" na "vya mama", mwache aieleze kwanza mbele ya wenzake.