Je, mwinuko peke yake unatosha kueleza wingi wa spishi mlimani?

Swali: Mtaalamu, salaam. Ninaandaa utafiti wa shahada yangu kuhusu mimea na vyura mlimani, kuanzia mita 1,000 hadi mita 3,500 juu ya usawa wa bahari. Msimamizi wangu amenishauri nitumie mwinuko peke yake kuwakilisha hali ya hewa, kwa kuwa chini kuna joto na juu kuna baridi. Lakini karibu kila ninachosoma kinaonyesha spishi zikiwa nyingi zaidi katikati ya mlima, wala si chini kwenye joto. Hilo linasababishwa na nini? Na dunia ikizidi kupata joto, si viumbe hawa watapanda juu tu?

Jibu: Salaam ndugu. Msimamizi wako hajakosea, ila ushauri wake utakufikisha nusu ya njia, na jibu la swali lako liko kwenye ile nusu iliyobaki. Mwinuko ni anwani. Unakuambia kiumbe anakaa wapi, haukuambii anaishi katika hali gani. Chura hajui kama yuko mita 1,800. Anachokijua ni kama ngozi yake imelowa au inakauka, usiku umepoa kiasi gani, na jani alilokalia lina umande hadi saa ngapi asubuhi.

Tuanze na joto, maana ndilo linaloonekana rahisi. Hewa inapopanda, mgandamizo unapungua, hewa inatanuka, na kutanuka huko kunaipunguzia joto lake. Ukijaza upepo tairi la baiskeli, pampu inapata moto kwa sababu hewa inabanwa. Ukibonyeza valvu, upepo unaotoka ni wa baridi. Mlimani ni mambo hayohayo. Hewa kavu inayopanda hupoteza karibu nyuzijoto 10 kwa kila mita 1,000. Ikishapoa vya kutosha, mvuke uliomo unageuka matone ya wingu, na mvuke unapogeuka maji unaachia joto, hivyo kuanzia hapo hewa inapoa polepole zaidi. Ile nyuzijoto 6.5 kwa kila mita 1,000 inayoandikwa vitabuni ni wastani tu. Mteremko mkavu na mteremko wenye mawingu havifuati ngazi moja, na usiku mtulivu unaweza kuigeuza ngazi yenyewe juu chini: hewa ya baridi ni nzito, inateremka na kutuama bondeni, na alfajiri ukakuta sakitu bondeni wakati mteremko ulio juu yake hauna.

Sasa ongeza maji. Upande unaopokea upepo kutoka baharini, hewa inasukumwa juu, inapoa, inanyesha. Ikivuka kilele na kuanza kushuka upande wa pili, inabanwa tena, inapata joto, inakauka. Hicho ndicho kivuli cha mvua. Miteremko ya kusini ya Himalaya inalowa kwa mvua za monsuni, na nyuma yake uwanda wa Tibet ni mkavu. Kilimanjaro nayo inapata mvua nyingi zaidi upande wa kusini kuliko kaskazini, na hata upande huo wa kusini mvua haiongezeki moja kwa moja hadi juu. Inafikia kilele chake kwenye mita 2,200 hivi, kisha inapungua, hata karibu na vilele ni jangwa baridi. Basi chukua vituo viwili vya mita 2,000, kimoja kusini na kingine kaskazini, uvipe namba moja ya mwinuko kwenye jedwali lako. Umeunganisha sehemu mbili ambazo kwa mimea ni kama nchi mbili.

Ukishaona joto na maji vinavyopishana, fumbo lako la katikati linafunguka. Mmea unahitaji vyote viwili kwa wakati mmoja. Chini ya mlima uliozungukwa na nyika kavu, joto lipo tele lakini maji yanakimbia: jua linavukiza kuliko mvua inavyorudisha. Juu, unyevu unaweza kuwepo, lakini baridi inaufungia kwenye barafu na kupunguza kasi ya kila kitu, kuanzia kuota kwa mbegu hadi kukua kwa kiluwiluwi. Katikati ndipo joto la kutosha linapokutana na maji ya kutosha, na mara nyingi ndipo wingu linapokaa. Msitu wa mawingu unapata maji hata siku isiyo na mvua, kwa sababu ukungu unanasa kwenye majani na kudondoka tone kwa tone. Kangaga, okidi zinazokaa juu ya matawi, na salamanda wa Amerika ya Kati wasio na mapafu, wanaopumua kwa ngozi, wote hustawi sana hapo.

Lakini usiifanye katikati kuwa sheria. Kwenye miteremko ya mashariki ya Andes, inayoanzia msitu wa Amazon, joto na maji vinakutana tangu chini kabisa, na ndege huko ni wengi zaidi chini kisha wanapungua kadiri unavyopanda. Mijusi na nyoka hawasubiri maji kama vyura. Wanafuata joto, kwa hiyo milima mingi unawakuta wamejaa chini. Kila kundi lina hitaji lake linaloanza kupungua kabla ya mengine, na hapo ndipo idadi ya spishi zake inapogeuka. Huko Kilimanjaro, watafiti walipojumlisha makundi mengi ya mimea na wanyama pamoja, joto ndilo lililoeleza wingi wa spishi kuliko vigezo vingine, ingawa kundi mojamoja lilikuwa na hadithi yake. Ndiyo maana nasema msimamizi wako ana hoja. Utafiti wa makundi mengi ungemuunga mkono. Wewe unapima mimea na vyura tu.

Kuna jambo jingine ambalo wastani wa mwaka unalificha kabisa, nalo ni tofauti ya mchana na usiku. Mtaalamu wa mimea Olov Hedberg wa Sweden alieleza kwamba kwenye vilele vya Afrika ya ikweta ni kiangazi kila mchana na majira ya baridi kila usiku. Niliwahi kukaa kando ya lobelia kubwa kabla ya mapambazuko, juu sana ya mpaka wa miti. Majani yake yamepangika kama bakuli, na ndani ya bakuli kuna maji ya mvua. Juu palikuwa na utando wa barafu, mgumu kiasi cha kugonga kwa ukucha. Nikauvunja pembeni, nikaingiza kidole: chini yake maji yalikuwa bado maji. Maji yanapoganda yanaachia joto, na utando wa juu unayafunika yaliyo chini, hivyo chipukizi changa kilichozama katikati hakishuki chini ya kiwango cha kuganda. Saa tatu asubuhi jua lilikuwa linachoma shingo yangu na barafu ilikwishayeyuka. Mmea ule hupita majira mawili kila baada ya saa 24, mwaka mzima. Huko Andes, mimea ya Espeletia, ambayo ni ya familia nyingine kabisa, imefikia umbo linalofanana: shina nene lililovikwa majani makavu kama blanketi, na kichwa cha majani yanayokinga chipukizi. Tabianchi inayofanana imeleta umbo linalofanana kwenye mabara mawili. Nako kwenye Andes ya Peru kuna ndege mvumaji ambaye usiku huzima karibu mwili wote kuokoa nguvu. Amepimwa akiwa na joto la mwili la nyuzijoto 3 na kidogo tu, na asubuhi akaruka.

Hapo tumeeleza nani anaweza kuishi wapi. Bado hatujaeleza spishi zilitoka wapi, na swali hili ni zito. Milima ni kama robo tu ya nchi kavu ukiondoa Antaktika, ilhali zaidi ya asilimia 85 ya spishi za ndege, mamalia na amfibia zinapatikana kwenye maeneo ya milima. Baridi peke yake ingeifanya milima kuwa maskini.

Mwaka 1967 mwanaikolojia Daniel Janzen alitoa hoja ambayo mimi naiona ndiyo ufunguo. Karibu na ikweta, kituo kimoja mlimani hakibadiliki sana joto kati ya Januari na Julai. Kiumbe wa mita 2,500 amezaliwa, amekua na atakufa ndani ya wigo mwembamba wa joto, na bonde lililo mita 1,000 chini yake lina joto ambalo mwili wake haujawahi kulijua. Mbali na ikweta, kiumbe anapitia theluji na jua kali ndani ya mwaka mmoja, hivyo mwili wake umezoea mengi na bonde halimtishi. Mita ni zilezile, lakini kwa chura wa tropiki bonde ni ukuta. Jamii mbili zilizotenganishwa na ukuta huo zinaacha kuzaliana, na baada ya vizazi vingi zinakuwa spishi mbili.

Kinachohitajika zaidi ni muda, na muda nao unategemea tabianchi. Katika enzi ya barafu, miaka kama 21,000 iliyopita, kanda za mimea kwenye milima ya Afrika Mashariki zilishuka karibu mita 1,000. Misitu ilishuka, mingine ikakutana, kisha joto liliporudi ikapanda na kutengana tena. Kila mzunguko uliwachanganya viumbe na kuwatenga. Lakini kuna milima ambayo misitu yake haikupotea hata nyakati za ukame, na hiyo ndiyo yenye utajiri wa ajabu. Milima ya Tao la Mashariki, kama Usambara, Uluguru na Udzungwa, inapokea unyevu wa Bahari ya Hindi, na unyevu huo uliilinda misitu yake kwa muda mrefu mno. Humo kuna mababu wa ua la Saintpaulia linalokaa kwenye vyungu vya madirishani duniani kote, na vyura wa jenasi Nectophrynoides wanaozaa watoto kamili badala ya kutaga mayai majini. Kwenye mteremko mkali, ambapo maji hayatuami, kuzaa hivyo kunawaondolea kabisa haja ya dimbwi.

Sasa hilo la kupanda juu. Spishi nyingi kweli zinapanda, na kwa baadhi itasaidia kwa muda. Shida ya kwanza ni kwamba mlima unaisha. Kwenye Cerro de Pantiacolla huko Peru, ndege walihesabiwa mwaka 1985 na kuhesabiwa tena mwaka 2017: wengi walikuwa wamesogea juu, na kadhaa waliokuwa wa kawaida kileleni hawakuonekana tena. Shida ya pili inanitia wasiwasi zaidi. Joto na unyevu havipandi pamoja. Joto linaweza kusogea mita 100 wakati wingu limesogea zaidi, au limepungua siku zake, na anayehitaji vyote viwili akabaki hana pa kwenda. Na wapo ambao hali yao haipo popote kwenye ngazi ya mwinuko. Chura wa Kihansi, huko Tanzania, aliishi kwenye eneo la hekta chache tu, ndani ya manyunyu ya maporomoko ya maji. Maji yalipopunguzwa kwa ajili ya umeme, manyunyu yakafa, kisha ugonjwa wa kuvu ukaingia, na mwaka 2009 alitangazwa kutoweka porini. Waliosalia walikuwa wamehifadhiwa Marekani, na tangu mwaka 2012 wamekuwa wakirudishwa, lakini sasa manyunyu yanatengenezwa kwa mabomba. Kwa chura huyo, kupanda mita 50 kungekuwa kifo tayari.

Kwa hiyo kwenye utafiti wako, weka mwinuko kwenye jedwali, lakini uwe safu moja kati ya kadhaa. Weka virekodi vidogo vya joto na unyevu viwili kila kituo: kimoja kivulini usawa wa kifua, kingine chini kwenye majani makavu, kwa sababu hapo ndipo vyura wako walipo na tofauti ya nyuzijoto kadhaa itakushangaza. Viache mwaka mzima ukiweza. Usichukue wastani tu. Chukua joto la chini kabisa la usiku na saa ambazo unyevu uliporomoka. Andika mteremko unaelekea upande gani na kama kuna bonde la kutuamisha baridi. Usitegemee ramani za hali ya hewa zenye miraba ya kilomita moja kwa kilomita moja, maana mraba mmoja wa ramani hiyo unaweza kumeza kilima kizima. Na kabla hujasema spishi ni chache chini kwa sababu ya ukame, tazama kama msitu wa chini bado upo. Milima mingi imelimwa tangu chini, na jembe linaweza kukuchorea grafu yenye kilele katikati ambayo hali ya hewa haikuhusika nayo. Tafuta kipande cha msitu wa asili kilichobaki chini, hata kiwe kidogo, na uanze kuhesabia hapo. Vyura wahesabu usiku, na kila unapomwona mmoja, pima joto la jani alilokalia kabla hajaruka.