"Is raining" na "My father he works": makosa mawili, shina moja

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mwanangu wa darasa la sita amekatwa alama kwa kuandika "Is raining" na "My father he works in Morogoro". Ya kwanza haina kiima (neno la anayezungumziwa), ya pili kiima kimezidi. Mwalimu wake wa twisheni anasema aandike sentensi ndefu ndipo zitakamilika. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba, mama. Huo ushauri wa kurefusha uacheni leo hii. "Birds fly" ni maneno mawili na ni sentensi kamili. "The tall boy with a red bag near the gate" ni maneno kumi na si sentensi, kwa sababu hatujaambiwa huyo kijana kafanya nini. Kiarifu hakuna.

Kitenzi cha Kiswahili hubeba kiima tumboni: i- katika "inanyesha", a- katika "anafanya". Cha Kiingereza hakibebi. Nafasi iliyo mbele yake lazima ijazwe, tena mara moja tu. Mvua haina mtendaji, lakini nafasi haiachwi wazi: "It is raining". Ile "he" ya mwanao ni a- ya "anafanya" iliyohamia Kiingereza, wakati "my father" ameshakaa mahali pake. (Amri kama "Sit down" ndizo husimama bila kiima kuandikwa.)

Aanze sentensi na "yesterday". Neno linalolazimika kubadilika ndilo kitenzi: "works" inakuwa "worked". Kisha jina lililo mbele ya kitenzi aliondoe, aweke kiwakilishi kama "he" au "it". Akipata "He he worked", kimoja kitoke. Akikosa cha kuondoa, kiima hakuna.

Jaribio hilohilo linanasa "The children playing outside". Weka "yesterday", "playing" haitikisiki, maana peke yake haijakamilika kuwa kitenzi cha sentensi. Inadai "are" au "were". Hapa ndipo wengi wanapozama, wakidhani "playing" ni "wanacheza".

Nao wanaouza "Kiingereza kwa siku 30" kwenye makundi ya WhatsApp wanalizidisha tatizo. Wanagawa sentensi za kukariri na kufundisha kutafsiri neno kwa neno. Mtoto aliyekariri "It is raining" bila kujua "it" inafanya kazi gani, kesho ataandika "Is hot today", na aliyemuuzia hatakuwepo kumsahihisha.